Mbio Si za Simbu Peke Yake

Ndugu zangu wa Tanga,

 

Usiku ule wa Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa kumpiku Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, kundi letu la ukoo halikulala. Bendera zilimiminika, akina shangazi wakatuma vigelegele vya sauti. Nami huku Leeds, Uingereza, nilipiga vyangu jikoni hadi jirani akagonga ukuta. Kulipokucha nikauliza nani kati yetu aliwahi kukimbia, tangu amalize shule, hata kutoka Chumbageni hadi Raskazone. Baba mdogo akajibu: "Nikimbie, kwani nimeiba?" Mkacheka wote. Basi leo namjibu.

Baba mdogo, mbio tulizijua zamani. Shule ya msingi tulipiga mchakamchaka alfajiri, vumbi hadi kwenye kope, na aliyebaki nyuma alikula fimbo. Ndiyo maana siku ya kumaliza darasa la saba tulijiona tumeachiwa huru. Tangu hapo mbio tumewaachia wanajeshi, wezi na akina Simbu, na siku hizi tukikutana kwenye msiba mazungumzo ni presha ya nani imepanda na sukari ya nani imefika ngapi.

Hapa Leeds, Jumamosi saa tatu asubuhi, watu hukusanyika uwanja wa Woodhouse Moor kukimbia kilomita 5. Utaratibu huo unaitwa parkrun. Ulianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bushy Park, London: Paul Sinton-Hewitt, mkimbiaji aliyekuwa ameumia, aliwaita wenzake wakimbie, yeye akawashikia saa. Walitokea 13. Leo uko nchi nyingi, na Afrika Kusini uliingia mwaka 2011 kwa juhudi za Bruce Fordyce, aliyeshinda mbio za Comrades mara tisa. Hakuna kiingilio, na wanaouendesha wanajitolea.

Ningependa mumwone mtu mmoja pale. Anavaa kizibao cha wahudumu, na kazi yake ni kumaliza wa mwisho, basi. Anatembea sambamba na bibi mwenye goti bovu, wanapiga soga za wajukuu, na bibi akisimama kupumua naye anasimama. Hakuna mshiriki anayeshika mkia, kwa kuwa mkia una mwenyewe. Laiti mwalimu wetu wa zamu angekuwa na akili hiyo.

Msidhani kwamba nataka muige Uzungu. Dar es Salaam vikundi vya jogging vimejaa mitaani kila Jumapili asubuhi, na wao wana nyimbo, jambo ambalo hawa wa huku hawana kabisa. Kinachonikera ni hizi "marathoni" zetu za mara moja kwa mwaka. Mtu analipia tisheti, anakimbia kilomita 5, anapiga picha na mgeni rasmi, kisha raba zinaingia uvunguni hadi mwakani. Kuchangia hospitali kupitia mbio hizo ni jambo jema, lakini moyo na mishipa havijui hisani. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi mazito. Kila wiki, jamani.

Anzeni polepole kuliko mnavyodhani. Huduma ya afya ya Uingereza ina programu ya wiki 9, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia hivyo kwa dakika 20. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kumsema jirani bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Wenye presha au sukari wamwone daktari kwanza, na mwenye sukari akague nyayo zake kila akivua raba, maana huweza kupata kidonda asisikie.

Raba za mtumba zinatosha. Ila kabla hujalipa, igeuze utazame kisigino: kama kimelika upande mmoja, irudishe. Bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, muuzaji abaki nayo. Akina dada, suruali pana na ushungi uliofungwa vizuri havimzuii mtu. Na mkiambiwa mmekonda, itikieni "alhamdulillahi" mwendelee.

Ninyi mna bahari, barabara ya Raskazone ni tambarare, na saa kumi na mbili asubuhi jua halijaanza ukali wake. Mimi Januari natoka gizani, vidole vimekufa ganzi.

Kwa hiyo naomba Jumamosi hii mkutane hapo Raskazone, saa kumi na mbili kamili. Kaka mkubwa ashike saa. Asiyeweza kukimbia atembee. Baba mdogo, nafasi ya kumaliza wa mwisho nimekuwekea wewe, na hakuna atakayeuliza umeiba nini.