Nguo kuukuu si takataka, na mwenye kuishona upya haombi msaada

Kila mwaka, tarehe 8 mwezi wa tatu inapokaribia, wamama wa Bukavu, Goma, Uvira na Butembo hutafuta kitenge cha siku ya wanawake. Kinapelekwa kwa fundi mbio mbio, kinavaliwa siku ile, kinapigwa picha, kisha kinakunjwa na kuwekwa chini kabisa ya sanduku. Mwaka unaofuata kinatoka kingine chenye maandishi mapya, na kile cha kwanza hakivaliwi tena. Ni kitambaa kizima, rangi zake bado zinang'aa, na kilinunuliwa kwa pesa iliyotafutwa kwa shida. Lakini kazi yake imekwisha.

Katika mitaa hiyo hiyo, jioni, fundi wa kushona anafagia chini ya mashini yake. Kuna vipande vya vitenge, vya suruali zilizopunguzwa, vya bluu na vyeupe vilivyobaki kwenye nguo za wanafunzi. Vingine vinachomwa, vingine vinaishia mferejini. Na Bukavu ni mji wa milima: mvua ikinyesha Kadutu, yaliyo mferejini yanateremka hadi Ziwa Kivu, na kutoka ziwani yanafuata mto Ruzizi. Wafanyakazi wa bwawa la umeme la Ruzizi wanaijua shida hiyo, maana mara kwa mara wanalazimika kuondoa taka, hasa za plastiki, zinazozuia mitambo huku wakaaji wakilalamikia giza. Kitambaa cha polyester nacho ni plastiki, ingawa kinavaliwa mwilini. Hakiozi kama pamba.

Kati ya sanduku la nyumbani na mfereji wa barabarani kuna kazi inayoweza kulisha watu, na tayari wako wanaoifanya. Miguu ya jinzi iliyochanika magotini inageuka mkoba wa shule. Koti kubwa ambalo hakuna Mkongomani wa kulivaa linakatwa na kuwa koti la mtoto, linalofaa sana baridi ya Lubero. Vipande vya vitenge vinaunganishwa na kuwa blanketi la mtoto mchanga, mfuniko wa mto, mfuko wa sokoni, mkanda wa kichwa, viatu vya nyumbani. Vile vidogo kabisa vinajazwa ndani ya mito ya viti.

Kazi hiyo haikuletwa jana na semina. Mafundi wa zamani walijua kugeuza kola ya shati iliyochakaa: waliifumua, wakaipindua ili upande wa ndani uwe nje, na shati likarudi ofisini kwa muda mwingine. Shuka lililochoka katikati lilipasuliwa, kingo zake mbili zikashonwa pamoja zikawa katikati, nalo likaendelea kulaliwa. Bibi wengi wa Kivu walilea watoto wao hivyo, wala hawakuuita umaskini. Waliuita utunzaji.

Tofauti ni kwamba leo kazi hiyo inaweza kuwa biashara, na bado haichukuliwi hivyo. Kinachowakosesha faida washonaji hao si akili wala ufundi. Ni bei. Mteja anayelipa bila maneno begi la plastiki lililotoka ng'ambo, ambalo zipu yake itakatika kabla ya mwaka wa shule kwisha, ndiye huyo huyo anayemwambia mama mshonaji: "Lakini hiki si kitambaa cha zamani tu?" Kwa neno hilo moja, saa zote alizokaa kwenye mashini zinafutwa.

Chukua mfano. Mkoba mmoja umechukua saa nne za kufumua, kufua, kupiga pasi, kukata na kushona. Uzi, zipu na kitambaa cha ndani vimegharimu franka 2 000. Mteja anashusha bei hadi franka 3 000 na anaondoka akifurahi kwamba amejua kupatana. Mshonaji amebaki na franka 1 000 kwa saa nne, yaani franka 250 kwa saa moja, na hapo hajalipa mahali pa kukalia wala makaa ya pasi. Hakuna biashara inayosimama kwa hesabu ya namna hiyo. Anayenunua kwa bei hiyo hajamsaidia mtu. Amekula jasho lake.

Jambo hili lingeweza kuonekana dogo katika miaka ya amani. Leo si dogo. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2025, vita vilipofika Goma na baadaye Bukavu, benki zilifunga milango, pesa ya mkononi ikawa adimu, mishahara ya wengi ikakatika. Familia nyingi zilizokuwa zikitegemea kazi ya baba sasa zinategemea anachouza mama barabarani. Biashara nyingi zinadai mtaji: gunia la unga, katoni ya samaki, usafiri wa mpaka ng'ambo ya ziwa. Kushona upya kunadai sindano, makasi, uzi, na kitambaa ambacho tayari kiko nyumbani au kinatupwa na jirani. Ni moja ya kazi chache ambazo mtu aliyepoteza kila kitu anaweza kuianza kesho asubuhi.

Ndiyo maana inafaa kutazama upya mafunzo ya kukata na kushona. Kwa miaka mingi, katika mashariki ya Kongo, msichana aliyeacha shule, mama aliyekimbia vita au aliyetendewa jeuri ameandikishwa katika darasa la ushonaji. Anafundishwa kupima, kukata na kushona gauni jipya kwa kitambaa kipya. Mwisho wa mafunzo anapewa cheti, pengine na mashini. Kisha anatoka na kukutana na soko ambalo gauni la mtumba linauzwa kwa pesa isiyofikia hata bei ya kitambaa chake. Hawezi kushinda pambano hilo, hata awe fundi wa namna gani. Miezi inapita, mashini inafunikwa kwa kitambaa, halafu inauzwa ili kulipa nyumba au dawa.

Mwenye kushona upya hashindani na mitumba. Anaitumia. Balo linafika Kivu likiwa limefungwa, baada ya safari ndefu kutoka bandari za Mombasa au Dar es Salaam, na mfanyabiashara ananunua bila kuona kilichomo. Nguo za chaguo la kwanza zinakwenda siku ile ile. Zile za chini, zenye madoa, zilizochanika au kubwa kupita kiasi, zinabaki zikiuzwa kwa bei ya kutupa, na nyingine hazinunuliwi kabisa. Hasara ya muuzaji ni malighafi ya mshonaji. Watu wawili hao wanauziana mara chache mno, ingawa wanakaa soko moja.

Wako watakaosema dawa ni kupiga mitumba marufuku. Jirani Rwanda ilijaribu njia iliyo karibu na hiyo: mwaka wa 2016 ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka dola 0,20 hadi dola 2,50 kwa kilo. Marekani ikajibu mwaka wa 2018 kwa kusimamisha nafuu ya ushuru iliyokuwa ikipewa nguo za Rwanda kwenye soko lake. Kila nchi ina haki ya kuchagua njia yake. Lakini kwa Kongo, ambako mipaka ya mashariki ni mirefu na ulinzi wake ni mdogo, marufuku pekee ingeongeza magendo na kunyang'anya wauzaji maelfu mkate wao, bila kuzaa hata mita moja ya kitambaa.

Wako pia wanaosema, kwa uchungu wa haki, kwamba nchi kubwa kama Kongo haipaswi kujivunia viraka. Wanakumbuka kwamba Kalemie ilikuwa na kiwanda cha Filtisaf, kilichosokota na kufuma pamba, na kwamba vitenge vya Sotexki vya Kisangani vilivaliwa na kusifiwa mbali. Wanakumbuka wakulima waliolima pamba na kuiuza. Wana haki. Nchi inahitaji pamba yake, uzi wake na viwanda vyake, na hakuna mkoba wa jinzi utakaochukua nafasi ya kiwanda. Ila kiwanda kinadai umeme, barabara, usalama na mtaji, na hayo hayatapatikana mwezi ujao. Mtoto anahitaji mkoba wa shule mwezi ujao. Tena, siku viwanda vitakapofunguliwa, vitatafuta watu wanaojua kitambaa: namna kinavyovutika, kinavyochuja rangi, kinavyokatwa bila kupoteza. Watu hao wanafundishwa leo, kwa vipande.

Inapasa pia kusema ukweli upande wa washonaji. Mteja hakosi sababu kila mara. Kuna mikoba inayouzwa ikiwa imefumuka pembeni, mito inayonuka kwa sababu kitambaa hakikufuliwa, nguo za watoto zenye mshono wa ndani unaokwaruza ngozi. Kitambaa cha zamani kinadai uangalifu kuliko kipya. Kifuliwe na kuanikwa juani kabla ya kukatwa. Kichunguzwe kwenye mwanga, na sehemu iliyochoka iachwe hata kama ua lake ni zuri. Pamba na polyester zisishonwe pamoja bila kufikiri, maana moja hurudi ikifuliwa na nyingine hairudi, na kitu chote kinajikunja. Na kwa pedi za kufua, ambazo zinawasaidia wasichana kutokosa masomo, hapo hakuna kubahatisha: pamba safi na laini upande wa mwili, tabaka za kutosha kunyonya, maji safi na sabuni, na jua la kukausha. Anayeshona pedi kwa kitambaa chochote alichookota anahatarisha afya ya mtoto wa mwenzake.

Kazi nzuri ikiwepo, kilichobaki ni wengine kutimiza sehemu yao.

Vituo vya mafunzo viongeze kwenye masomo yao kufumua, kutengeneza na kugeuza nguo, pamoja na hesabu ya bei. Binti anayejua kuandika kwenye daftari saa alizotumia na vitu alivyonunua hatauza chini ya gharama yake bila kujua. Mashirika yanayogawa vifaa vya shule yafikirie kuagiza sehemu ya mikoba kwa washonaji wa hapa hapa, badala ya kuleta yote kutoka mbali. Oda ya mikoba mia inayolipwa kwa wakati ina faida kuliko zawadi ya mashini kumi zisizo na mteja. Makanisa, ambayo yana vyama vya wamama kila mtaa, yanaweza kukusanya vitenge vilivyolala masandukuni na kuvikabidhi kwa mikono inayojua kuvitumia.

Wanaosimamia masoko nao wana lao. Mama anayetandika mifuko mitano juu ya turubai hawezi kutozwa ushuru kama mwenye duka, tena mara mbili kwa siku na watu wawili tofauti. Na kwa nini mafundi wa soko moja wasiwekewe mahali pa kutia vipande vyao, ili anayevihitaji avichukue kabla mvua haijavichukua? Bukavu imekwisha kuona wamama wakifuma vikapu kwa plastiki iliyookotwa ziwani. Kilichowezekana kwa chupa kinawezekana kwa kitambaa, na ni rahisi zaidi kukizuia mlangoni kwa fundi kuliko kukivua majini.

Lakini sehemu kubwa iko mikononi mwa mnunuzi. Kupatana ni desturi ya soko na hakuna anayetaka kuiondoa. Ila kuna kupatana, na kuna kumnyima mtu chakula cha siku. Anayeshika mkoba ulioshonwa vizuri aukague ndani na nje, avute zipu, apime mshono kwa mikono miwili. Ukiwa mbovu, auache. Ukiwa imara, alipe kazi aliyoiona, bila kuuliza kitambaa kilikuwa na umri gani.

Tarehe 8 mwezi wa tatu itarudi. Zitasikika hotuba juu ya haki na heshima ya mwanamke wa Kivu, na wauzaji watatandaza vitenge vipya. Familia ambayo mwaka huu haina pesa ya kitenge kipya haina sababu ya kuona haya. Ifungue sanduku, itoe kile cha zamani, ikipeleke kwa mama mshonaji wa jirani akigeuze gauni la binti au koti la mtoto, na imlipe kazi yake kamili. Mama huyo naye atakuwa ameheshimiwa siku hiyo, kwa pesa atakayoshika mkononi.