Bonde la Msimbazi ni Mali ya Nani?

Katika jiji la Dar es Salaam hapana ardhi iliyowatesa watu kwa muda mrefu kama bonde la mto Msimbazi. Mto huo hutoka upande wa vilima vya Pugu, hupita kando ya mitaa ya makabwela, kisha huingia baharini penye daraja la Selander. Kila masika huwakumbusha watu wa Jangwani, Magomeni na Mchikichini kwamba maji hayasahau njia yake.

Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na jamaa nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Serikali ilifanya vema kuokoa roho za watu. Lakini Mabwepande iko kilomita zipatazo 30 kutoka Kariakoo na bandarini. Mchukuzi wa mizigo, mama ntilie na fundi viatu hawawezi kuumaliza ujira wao kwa nauli. Kwa hiyo wengi walirudi bondeni, hali wanaijua hatari yake. Hawakurudi kwa ukaidi. Walifuata kazi, na mji haukuwa umewapa mahali pengine pa kulala karibu na kazi hiyo.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kutukopesha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo. Mpango ni kuchimba na kupanua mkondo wa mto, kujenga daraja jipya la Jangwani, kutengeneza bustani kubwa ya jiji, na kuinua kingo za bonde kwa udongo utakaochimbwa, hata ziwe ardhi ya kujengwa isiyofikiwa na mafuriko. Maelfu ya waliokuwa wakikaa humo wamelipwa fidia na kuondoka. Mpango huu twauunga mkono. Ila twauliza swali moja: ardhi hiyo mpya, iliyo mwendo wa miguu tu kutoka Kariakoo, itakuwa ya nani?

Wako wasemao kwamba ardhi ya katikati ya mji ni ghali mno kukaliwa na kabwela, na kwamba yafaa iuzwe kwa wenye fedha ili deni lilipwe upesi. Hoja hiyo hatuipuuzi, maana deni ni deni. Lakini atakayelilipa ni nani? Ni mkulima na mfanyakazi, kwa kodi zao. Si haki hata kidogo mlipaji asukumwe pembeni mwa mji, na asiyepata kuyakanyaga matope ya Jangwani apewe upepo wa bustani.

Wala tusiambiwe kwamba jambo hili haliwezekani. Mwaka 1962, nchi ingali changa na hazina yake ndogo, Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, likaanza kuwaondoa watu katika vibanda vya udongo na makuti. Na katika miaka yetu hii, pale pale Magomeni, wapangaji wa Kota waliobomolewa nyumba zao walingoja kwa muda mrefu, lakini hawakusahauliwa: mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majumba ya ghorofa yenye makazi 656. Lililowezekana ng’ambo moja ya bonde litashindikanaje kingoni?

Basi twashauri hivi. Kwanza, kabla hata kiwanja kimoja hakijagawiwa, iandikwe wazi ni sehemu gani itakuwa ya nyumba za kupanga za wafanyakazi, na kodi yake ipimwe kwa mishahara yao. Maduka ya chini yapangishwe kwa bei ya soko, ili yasaidie kulipa deni. Majina ya wapangaji yabandikwe katika ofisi za kata, isije nyumba ya kabwela ikashikwa na mkubwa, naye akaipangisha tena kwa bei mara mbili.

Pili, maegesho ya magari yawe ya umma. Mabasi ya mwendokasi yanapita Jangwani. Mwenye gari aliache hapo, alipe ada, apande basi kuingia mjini. Fedha hizo zitunze bustani na kuusafisha mto. Lakini maegesho yasimeze nafasi ya nyumba, kwani gari halina watoto wa kulaza.

Tatu, mkondo wa mto uachiwe mto. Karakana ya mabasi hayo ilijengwa bondeni Jangwani, na mafuriko ya mwaka 2018 yakaharibu mabasi mengi. Somo hilo tumekwisha kulilipia. Hatuna haja ya kulinunua mara ya pili.

Wananchi nao wana wajibu wao. Atakayepata nyumba alipe kodi kwa wakati, wala asiufanye mto kuwa jalala. Na wanachama wa matawi ya Ilala na Kinondoni wasingoje kuletewa habari: waulize mikutanoni, wadai kuonyeshwa ramani, wajue kila kiwanja ni cha nini.

TANU ilizaliwa mwaka 1954 katika mtaa uitwao leo Lumumba, si mbali na bonde hilo, nayo ilijengwa kwa senti za wachukuzi, wauza samaki na mama wa Kariakoo. Watoto na wajukuu wao hawaombi sadaka. Wanataka kukaa katika mji walioujenga kwa mikono yao, na yawapasa waongoza mpango huu kuwatimizia.