Sasuke na Rafikiye

Bi mmoja wa jamaa zetu waliohamia Kitale amemsikia mwanawe wa miaka 13 akimtetea Sasuke, mhusika wa katuni ya Kijapani iitwayo Naruto, kwamba alikuwa na haki ya kutaka kumuua rafikiye. Atuuliza je, aipige marufuku? Kwanza na tukijue kisa.

Katika hadithi hii ya Masashi Kishimoto, iliyochapishwa kwa mfululizo tangu 1999 hadi 2014, Sasuke angali mtoto pale kakaye Itachi anapowaua wazazi wao na ukoo wao wote, akambakisha yeye tu. Kaka huyo amwambia aishi kwa chuki, na kwamba iko nguvu ya macho isiyopatikana ila kwa kumuua rafiki wa karibu kuliko wote. Rafiki huyo ndiye Naruto, yatima mwenziwe. Hapa ndipo penye kiini: Sasuke hataki kumuua Naruto kwa kumchukia, bali kwa kuwa ampenda. Asingempenda, kifo chake kisingemfaa kitu. Qabil alimuua Habil kwa husuda iliyotoka moyoni mwake mwenyewe. Huyu kijana amepandikizwa. Baadaye yabainika kwamba hata Itachi alitumwa na wakuu wa kijiji.

Watu wa Bungoma hawahitaji Japani kuyajua haya. Mwaka 2006, mgogoro wa kugawa ardhi ya Chebyuk, Mlima Elgon, ulizaa kundi la SLDF. Vijana waliingizwa humo, wengi kwa nguvu, wakaelekezwa kuua majirani, hata watu wa kabila lao. Maelfu walikimbia makwao, na operesheni ya jeshi ya Machi 2008 nayo ikaacha wajane wake. Ugomvi wa ardhi ulikuwa wa watu wazima. Walioshikishwa silaha ni wana wao.

Basi, bibi, usiizime televisheni. Keti naye atazame pambano la Bonde la Mwisho, katika vipindi vya 130 na kitu, ambapo Sasuke amshinda Naruto kisha akataa kummaliza, kwa kuwa hataki kuifuata njia aliyochorewa na kakaye. Muulize mwanao: ni nani aliyemwambia Sasuke kwamba rafikiye lazima afe, naye msemaji alitaka nini? Mwache ajibu mwenyewe, hata akikawia. Wadogo zake walaze mapema. Damu ni nyingi.