Je, Gari la Mashindano Hulishinda la Kawaida?

Tangu Shirikisho la Kimataifa la Magari lilipofanya mkutano wake mkuu na kutoa tuzo zake mjini Kigali mwezi Desemba 2024, mazungumzo ya vijana wetu hapa Gisenyi yamebadilika. Ufukoni mwa Ziwa Kivu, palipokuwa mahali pa kubishania mpira, sasa hubishaniwa magari. Askari mmoja kijana ameniletea swali: kampuni iundapo gari la kawaida, kisha ikaunda ndugu yake kwa ajili ya kiwanja cha mashindano, je, hilo la pili kweli hulishinda la kwanza, au twauziwa jina tu?

Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa mfano mmoja. Porsche 911 Carrera S la mwaka 2021 ni gari la barabarani lenye nguvu za farasi 450. Ndugu yake wa kizazi hichohicho, 911 GT3 lililotoka mwaka 2021, lina nguvu 510, ni jepesi zaidi, nalo halina viti vya nyuma. Katika kiwanja cha Nürburgring, Ujerumani, chenye mzunguko wa kilomita 20 na ushei, Carrera S lilitumia dakika 7 na sekunde 25. GT3 lilimaliza kabla dakika 7 hazijatimia. Huko, basi, hakuna ubishi.

Sasa tuyalete magari hayo kwetu. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Musanze hupanda kupita mita 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini huhitaji hewa kama ihitajivyo mafuta. Injini ya GT3 hujivutia hewa yenyewe. Kwa hiyo hapa mjini hupoteza kiasi cha asilimia 14 ya nguvu zake, na zile 510 hubaki kama 440. Carrera S lina mtambo wa kusukumiza hewa, uitwao tabo, nao hufanya kazi aifanyayo mama apepeapo jiko la mkaa: moto ukitaka kufifia, huzidisha upepo. Hivyo gari hilo hubakiwa na sehemu kubwa ya nguvu zake 450. GT3 lingali na wepesi wake, lakini kwa nguvu za injini halina tena la kujivunia.

Yako na mengine. Gari la kiwanjani limeinama sana, springi zake ni ngumu, na matairi yake yameundwa kwa lami kavu yenye joto. Asubuhi ya mvua na baridi pale Bigogwe, matairi hayo huteleza upesi. Afrika Mashariki ilikwisha kuona kwamba ukoo wa mashindano hautoshi peke yake: katika Safari Rally ya 1974 nchini Kenya, Björn Waldegård aliendesha Porsche Carrera RS akawa wa pili. Mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akiendesha Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6 tu.

Nasema haya kwa ajili ya nyumba zetu. Wengi wetu hatutanunua Porsche, lakini wapo vijana wanaoweka akiba ya miaka mingi, kisha wakaitoa yote kwa gari lililotumika, lililoshushwa chini na kuwekwa bawa nyuma, kwa bei ya juu kuliko ndugu yake wa kawaida. Kabla ya kutoa fedha hizo, keti na mkeo mwulizane: watoto watakaa wapi? Njia ya mawe ya kwenda kwa wazazi italipasua tumbo au la? Matairi yake yatanunuliwa kwa mshahara gani? Nayo mbio hizo zitakimbizwa wapi, hali kamera za Polisi ziko barabarani mchana na usiku?

Kijana wangu uliyeuliza, ninyi mliofunzwa uaskari mwajua kwamba silaha huchaguliwa kwa kuutazama uwanja. Ipime kwanza njia utakayopita kila siku, ndipo upime gari.