Si Kila Mlio Ni Pete



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja jirani yetu hapa Bondeni, Nakuru, alinijia na shauri zito. Pete yake ya dhahabu, aliyopewa katika mahari yake, ilikuwa imepotea uani. Binti anayemsaidia kazi za nyumbani alikwisha kunyooshewa kidole, na kesho yake alikuwa afungishwe virago. Nikamwomba mama atupe siku mbili.

Mpwa wangu, mpenzi wa ufundi wa redio, alikuwa ameunda chombo cha kutafutia metali: koili ya waya wa shaba katika duara la plastiki, saketi ndogo, na spika za masikioni. Koili ikipita juu ya metali, mlio hubadilika. Lakini chombo kilivuma mfululizo kama nyuki mzingani, hata pasipokuwa na kitu. Kijana akaongeza sauti. Nikamwambia, "Mwanangu, ukiongeza sauti umeongeza na mvumo. Kwanza tujue unatoka wapi." Tukaafikiana tubadilishe jambo moja tu kila mara, kisha tusikilize.

Tukaanza na umeme. Chombo kilichomekwa ukutani kwa adapta. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mapigo yake yakiingia katika saketi husikika kama mvumo mzito. Tulipotia betri, mvumo ukapungua sana. Tulipoziweka simu zetu mbali na kuzima taa iliyokuwa karibu, mikwaruzo ya vipindi nayo ikakoma.

Ukaja waya. Ulipotikiswa, ulitatarika: kiungo kimelegea. Kijana akakilehemu upya, akaufunga waya imara kwenye mpini. Kisha akaifunika koili kwa utepe wa plastiki, na juu yake karatasi ya aluminiamu ya jikoni, akaiunganisha na upande hasi wa saketi. Ncha mbili za karatasi hiyo hazifai kugusana. Huachwa mwanya wa upana wa kidole, kwani duara likikamilika, chombo huisikia karatasi yenyewe kana kwamba ndiyo metali inayotafutwa.

Ukabaki udongo. Koili ikiinuliwa, kimya, ikishushwa, yalalama. Sisi twaishi chini ya Menengai, mlima wa volkano, na udongo wa namna hii una chembechembe za madini ya chuma. Dawa yake ni kuipitisha koili kwa kimo kile kile, na kupunguza kidogo wepesi wa chombo wa kuhisi. Ukipunguza mno, hata pete hutaisikia.

Mwaka 1881, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitumia chombo cha aina hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Alisikia milio asiyoielewa. Baadaye ikajulikana kwamba kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za chuma. Risasi hakuipata, na Rais alifariki Septemba mwaka huo. Kwa hiyo nasi tukajitenga na ua wa mabati.

Hatimaye tulifukia pete ya mke wangu kidogo tu chini ya udongo, tukaupima mlio wake, ndipo tukaanza kazi. Kando ya jiwe la kufulia, mahali ambapo mama mwenyewe hukamua nguo, ulitoka mlio mfupi, safi. Tukafukua tope. Pete hiyo!

Mama alilia. Akamwita yule binti, akamtaka radhi mbele ya wale wale walioisikia tuhuma. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko dhahabu.

Dada zangu na mama zangu, Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari, na kujiepusha na dhana. Kitu kikipotea nyumbani, hasira huvuma, maneno ya jirani huvuma, nasi twadhani tumesikia ukweli. Tuizime mivumo hiyo mmoja mmoja kabla ya kumnyooshea kidole mtoto wa mwenzetu, ambaye huenda hana wa kumtetea.

Wabillahi tawfiq.