Jina Lilibaki, Kalamu Ikaondoka

Wenye makampuni husema kila mahali kwamba fundi akiondoka, fundi mwingine yupo mlangoni. Maneno hayo wafanyakazi huyasikia bandarini na viwandani, nayo husemwa hata katika studio za televisheni. Leo twapenda kuyapima kwa mchezo mmoja wa Marekani, The West Wing, ulioanza kuonyeshwa na shirika la NBC mwezi wa Septemba 1999.

Mchezo huo ulieleza kazi za Rais wa kubuniwa, Josiah Bartlet, aliyeigizwa na Martin Sheen, pamoja na wasaidizi wake katika Ikulu ya Washington. Aliyeubuni ni Aaron Sorkin, na kwa miaka minne karibu kila sehemu ilipita katika kalamu yake. Mwenzake, Thomas Schlamme, aliwatembeza waigizaji katika njia ndefu za Ikulu huku wakijibizana bila ya kupumua. Tuzo ya Emmy ya tamthilia bora waliitwaa mara nne mfululizo, tangu 2000 hata 2003.

Hatusemi kwamba Sorkin alikuwa mfanyakazi asiye na ila. Kurasa zake zilichelewa, na kuchelewa kule kulikula fedha, kwani mafundi wa taa hulipwa hata wakingoja. Malalamiko ya mwenye mali juu ya jambo hilo twayaelewa.

Mwaka 2003 wote wawili wakaondoka. Jina la mchezo, watu waliobuniwa ndani yake, hata ile Ikulu ya mbao iliyojengwa studio, vyote vikabaki kwa kampuni. Katika hadithi ya mwisho ya Sorkin binti wa Rais ametekwa, baba amekabidhi madaraka kwa muda, na kiti amekikalia Spika wa chama cha upinzani. (Kuwaachia warithi fundo la namna hiyo, sisi twaona, si adabu sana.)

John Wells, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi tangu mwanzo, akashika usukani. Waigizaji walikuwa wale wale, na muziki wa kufungulia ule ule. Yaliyokosekana ni maneno. Watu waliokuwa wakibishana kwa elimu na mzaha wakaanza kununiana. Leo McGarry, rafiki mkubwa wa Rais, akatengwa, kisha akaanguka kwa ugonjwa wa moyo. Misiba iliongezwa mahali palipopungukiwa na mazungumzo. Mwaka 2004 tuzo ile ikaenda kwa The Sopranos.

Lakini yatupasa kuwatendea haki warithi. Hawakuwa mafundi wabaya, ila walivishwa kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Walipoacha kuigiza sauti ya Sorkin na kuleta habari yao wenyewe, yaani uchaguzi kati ya Matthew Santos na Arnold Vinick, mchezo ukapata pumzi mpya. Twathubutu kusema kwamba kama wangeruhusiwa kufanya hivyo tangu siku ya kwanza, wengi wasingeuhama.

Lakini pumzi hiyo ilikuja wakati watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao, na NBC imekwisha kuuhamishia usiku wa Jumapili. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 14 Mei 2006, miaka mitatu kamili tangu ile ya mwisho iliyoandikwa na Sorkin.