Mjane na shamba la marehemu

Tarehe 30 Juni ikifika, hata walio kambini husimama na kuimba Debout Congolais. Ni upendo wa kweli. Lakini mama aliyekimbia Masisi akiuliza habari za shamba la marehemu mume wake, shemeji hujibu kwamba mwanamke hana udongo, na anayesema vingine amefuata mambo ya Wazungu.

Wazungu gani? Kanuni ya Familia ilitoka Kinshasa mwaka 1987, ikarekebishwa 2016. Watoto wote hurithi, wa kike kwa wa kiume. Mjane hubaki katika nyumba na hutumia nusu ya shamba linalopakana nayo.

Watu wanalaani wenye bunduki waliomfukuza, na ni haki. Ila akirudi na kukuta mdogo wa mume amekwisha kuliuza shamba, amefukuzwa mara ya pili, safari hii bila risasi. Na wazee wanaoitwa kukata neno, mara nyingi wamekwisha kunywa pombe ya muuzaji.

Anayelipinga jambo hilo barazani haichukii Kongo. Anataka mama huyo apande maharagwe yake mvua ya Septemba ikianza.